Wapiga simu za upepo wa Kagera wasizikwe na siri zao!

Kila Julai 25 wakubwa huvaa suti nyeusi, huweka mkuki, ngao na shada la maua mnarani, tarumbeta hulia, kisha kila mmoja hupanda shangingi lake na kutokomea. Siku ya Mashujaa imekwisha! Shujaa aliye hai anarudi kijijini kwa basi, tena kama nauli anayo.

Kijana wa kijiweni, leo tuwaseme askari wasiotajwa hata mnarani: waliobeba simu za upepo katika vita vya Kagera.

Vita vyenyewe unavijua juu juu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka. Novemba Mosi, Radio Uganda ikatangaza kuwa ardhi yetu hadi Mto Kagera ni ya Uganda. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka, na aliyelitangazia taifa lile habari hiyo redioni ni David Oyite-Ojok, Mganda. Sauti yake imebaki kwenye historia. Sauti za vijana wetu waliopokezana amri toka Kyaka hadi Kampala ziko wapi?

Kazi yao haikuwa lelemama. Mwenzako anabeba bunduki, wewe unabeba bunduki, mashine na betri. Unakaa hatua chache toka kwa kamanda, na antena yako inamwonyesha adui pa kulenga. Tena jeshi la Amin nalo lilitumia Kiswahili! Neno moja la wazi hewani, adui kalielewa bila mkalimani. Ndiyo maana ilibidi kusema kwa mafumbo, usiku, kwenye mvua, huku risasi zinalia. Waulize waliofanya kazi hiyo, watakusimulia walivyoita kituo cha wenzao mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila jibu.

Mbona hawasemi? Waliapa, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inawatazama. Sawa, siri za jeshi zilindwe, hatubishi. Lakini mafumbo ya 1979 yatamsaidia adui gani leo? Amin alikufa uhamishoni Saudi Arabia mwaka 2003! Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 yenyewe inataka nyaraka za umma zifunguliwe baada ya miaka 30. Piga hesabu: miaka 30 ya vita hivyo ilitimia 2009. Nani amekalia mafaili?

Tazameni Mtera. Serikali hii hii ilijenga bwawa pale kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu ili mitambo ya Kidatu isikwame wakati wa kiangazi. Basi wanajua kuwa kitu cha thamani kikiachwa kitiririke, hakirudi. Mbona kumbukumbu za watu wanaziacha zipotee? Mkongwe wa Kagera anayeishi Mtera leo yuko kilometa mia na ushee tu kutoka Dodoma, penye Wizara ya Ulinzi na Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu. Nani amemfuata na kinasa sauti? Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia 70. Tunangoja nini, tanzia?

Tunadai mambo matatu. Kwanza, serikali itamke hadharani ni yapi ya vita vile yaliyo huru kusimuliwa. Pili, itume watu vijijini wakaandike simulizi za wapiganaji, wa cheo cha chini kabla ya majenerali. Tatu, mpiganaji mzee atibiwe bila kuzungushwa madirishani.

Nawe kijana, usingoje serikali. Simu yako ya mkononi inarekodi. Mwendee babu yako, umwamkie, umwulize alikula nini, aliogopa nini, nani aliangukia ubavuni mwake. Hizo si siri za jeshi. Ni historia yako, na usipoiandika wewe, chama tawala kitakuandikia.