TAMKO LA TAWI: KUMFUNGIA JIRANI SOLA HAKUHITAJI KADI



Jumamosi iliyopita vijana wetu waliombwa kumsaidia mama mmoja wa hapa kijijini kufunga sola. Paneli na betri alinunua mwenyewe kwa fedha za ufuta. Fundi alikuwapo. Ilitakiwa mikono tu: kushika ngazi, kupandisha paneli, kuvuta waya. Baadhi yao waligeuza njiani wakisema, "Yule si wa chama chetu." Kazi ikalala.

Tunasema wazi: tawi halikubaliani na jambo hilo, na viongozi tumeshakwenda kumwomba radhi. Wajukuu wake wanaosomea kibatari hawana kadi ya chama chochote. Hapa kwetu hatumuulizi marehemu kadi kabla ya kumchimbia kaburi. Iweje tumuulize aliye hai kabla ya kumshikia ngazi?

Wapo wanaosema sola inaipunguzia Serikali deni. Hapana. Gesi ya Songo Songo, ndani ya Kilwa yetu, inazalisha umeme Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Madai yetu ya nguzo kufika kila kitongoji yako palepale, REA na TANESCO tutaendelea kuwakumbusha. Lakini mtoto mwenye mtihani hawezi kusubiri nguzo.

Kwa wote watakaofunga, tuzingatie haya:

1. Paneli ielekee kaskazini, maana tuko kusini mwa ikweta. Iinamishwe kidogo, na isipate kivuli cha mnazi wala mwembe.

2. Ikazwe kwenye mbao za kenchi, si kwenye bati peke yake. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 hatujakisahau.

3. Betri ikae penye hewa, mbali na moto na watoto, na fyuzi iwe karibu nayo.

4. Paa likiwa na maji, asipande mtu.

Jumamosi hii saa 2 asubuhi tunarudi kwa mama yule kumaliza kazi. Viongozi tutatangulia. Njooni na nyundo, kamba na ngazi. Sare za chama ziacheni nyumbani.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Imetolewa na:
Uongozi wa Tawi
Pande, Kilwa