Tundu Dogo, Kazi Kubwa: Upasuaji wa Saratani ya Ini

Tunaposikia kuwa mgonjwa wa saratani ya ini atapasuliwa, wengi wetu huwaza kovu pana chini ya mbavu. Siku hizi, kwa baadhi ya wagonjwa, ipo njia nyingine.

Daktari hutoboa matundu machache tumboni, akalijaza tumbo gesi ya kaboni dioksaidi ili apate nafasi, kisha akaingiza kamera na vyombo vyembamba. Huku akitazama skrini, huliangalia ini kwa ultrasaundi, hufunga mishipa ya damu na ya nyongo, na kukata sehemu yenye uvimbe pamoja na ukingo wa nyama iliyo salama. Kipande hicho hutiwa mfukoni na kutolewa kupitia mkato mdogo. Ini lililosalia, likiwa zima, Mwenyezi Mungu amelijaalia kukua tena.

Mwaka 2008, mabingwa waliokutana Louisville, Marekani, waliona njia hii yafaa zaidi kwa uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, ulio mahali panapofikika kwa wepesi. Uvimbe ukishakuwa mkubwa, au ini likishadhoofika, mara nyingi mlango huo hufungwa.

Na saratani hii huanza kimya. Basi tusingoje macho yawe manjano. Tupime homa ya ini aina ya B. Aliyenayo na kuambiwa yumo hatarini apigwe ultrasaundi kila miezi 6. Watoto wetu tuwakamilishie chanjo yake. Tundu dogo humfaa aliyewahi.