Saratani ya damu kwa mtoto: kwa nini daktari anahesabu askari wa mwili

Mama, kama mwanao anatibiwa saratani ya damu pale Bugando, kila kliniki utasikia habari za chembe nyeupe. Hizo ndizo askari wa mwili, na ugonjwa huu umeanzia kwao wenyewe. Badala ya kukomaa wanabaki wachanga, wanazaliana hovyo ndani ya uboho na kuwabana wenzao. Ndiyo maana mtoto anapauka, anavilia damu, analia mifupa, na homa inarudi hata baada ya dozi ya malaria. Huku kwetu Mara kila homa ni malaria, na hapo ndipo muda unapotea. Homa ikirudi na viganja ni vyeupe, omba kipimo cha picha kamili ya damu.

Dawa za saratani nazo zinaua seli mbaya pamoja na askari wazuri. Wale waitwao nyutrofili wakishuka chini ya 500 kwa maikrolita moja ya damu, bakteria wanaweza kumuua mtoto ndani ya saa chache. Joto likifika 38, usimpe panadol ukasubiri kukuche. Hata kipimo kikionyesha malaria, bado anahitaji antibayotiki ya mshipa haraka. Ukiwa Musoma au Butiama, Hospitali ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa iko karibu kuliko Mwanza. Ukifika sema kwanza: "Mtoto huyu yuko kwenye dawa za saratani."

Baada ya mwezi hivi wa dawa wengi huchangamka, wanakula, wanacheza. Mama mmoja wa Bunda aliniuliza, "Nesi, nauli ya nini tena?" Nilimwelewa. Lakini seli chache hubaki zimejificha, na kwa aina inayowapata watoto wengi, matibabu ni miaka 2 hadi 3.

Desemba 2024 ilitangazwa habari njema: dawa ya blinatumomab, inayomuunganisha askari wa mtoto mwenyewe na seli ya saratani ili aiue. Katika utafiti wa watoto 1,440, waliopewa dawa hiyo juu ya zile za kawaida, 96 kati ya 100 hawakuwa na ugonjwa baada ya miaka 3, wasiopewa, 88. Ni ghali mno. Ila tazama hao 88: walipata dawa za kawaida tu, wakizifuata kwa ratiba.

Nauli ikikushinda, usikae kimya nyumbani. Mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla tarehe ya kliniki haijapita.