Kiti cha Hukumu cha Korintho

Mkristo afikaye kwenye magofu ya Korintho, katika nchi ya Ugiriki, huonyeshwa jukwaa la mawe penye uwanja wa soko la kale. Hapo, wasema wataalamu wengi, ndipo Mtume Paulo aliposimamishwa mbele ya Galio, liwali wa Akaya, kama isimuliwavyo katika Matendo ya Mitume, mlango wa 18.

Korintho ulikuwa mji wa bandari mbili, moja upande wa mashariki na moja upande wa magharibi. Kwa hiyo ulijaa wafanya biashara na wageni wa kila namna. Paulo alikaa humo mwaka 1 na miezi 6, akishona hema pamoja na Akila na Prisila, apate riziki kwa kazi ya mikono yake.

Washitaki wake walitaka serikali imhukumu. Galio akakataa kuisikiliza kesi, kwa kuwa ilihusu sheria ya dini yao wenyewe. Maandishi ya mawe yaliyovumbuliwa Delphi yamtaja Galio huyo, na kwayo wanahistoria wamejua ya kuwa mambo hayo yalitukia yapata mwaka 51.

Mgeni hakuti hapo kaburi la mtume wala sanamu ya dhahabu, ila mahali pa kesi tu. Lakini na ajiulize: kati ya wawili wale, nani aliyekuwa mkubwa? Jukwaa la liwali limebomoka. Barua za mshona hema kwa Wakorintho zingali zasomwa makanisani hata leo.