Joka Liko Ufunuo

Huku Mghange, kijana akionekana anacheza gemu ya majoka ama anasoma hadithi za wachawi, anaombewa kabla hajasalimiwa. Wazee wangu, tuongee ukweli. Joka la vichwa saba na pembe kumi liko Ufunuo 12. Halikutoka kwa simu yangu. J.R.R. Tolkien, aliyeandika The Lord of the Rings, alikuwa Mkatoliki wa dhati, na mazungumzo naye yalisaidia kumrudisha C.S. Lewis kwa Kristo mwaka 1931. Nikishuka Voi kusaka vitabu vya mtumba, imani nashuka nayo. Mnauliza mbona vijana wanahepa kanisa, na ni nyinyi mnaowakemea mlangoni. Tuacheni tucheze Jumamosi. Jumapili tutakuja.