Wakiwa Wote AS, Wasizae?

"Wote wawili ni AS, kuzaa ni ukatili." Mwanza maneno haya hayakosekani vikao vya harusi vikianza, na wanaoyasema si watu wabaya. Wanadhani tu kwamba kila mtoto wa wawili hao, ambao kila mmoja anabeba kinasaba kimoja cha sikoseli, ataugua. Kumbe kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mgonjwa. Mbili ni za mtoto anayebeba kinasaba bila kuumwa, na moja ya asiyerithi kabisa.

Huyo mmoja atakayeugua je? Ataumia, sipuuzi hilo. Kiganja cha mtoto wa miezi minane huvimba mpaka vidole havikunjiki, na mama akadhani kaumwa na mdudu. Lakini utafiti wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, uliochapishwa 2019, ulionyesha kwamba watoto wenye sikoseli waliomeza dawa ya haidroksiyurea kila siku walipungukiwa na maumivu, malaria, kuongezewa damu, hata vifo. Anayekosa kidonge hicho hakunyimwa na wazazi wake.

"Ukoo ule una damu mbaya." Kinasaba hicho hicho, mtu akirithi kimoja tu, humkinga na malaria kali, ndiyo maana kimeshamiri Kanda ya Ziwa. Sampuli za watoto wachanga zilizopimwa hospitali ya Bugando, matokeo yakatoka 2018, zilionyesha kwamba karibu mmoja kati ya watano anacho. Tukianza kuchagua koo, Sengerema nzima nani ataoa kwa nani?

"Mama ndiye kaleta." Uongo. Mgonjwa amerithi kwa baba na kwa mama, ila anayerudishwa kwao ni mke.

Linalonisumbua ni hili: "Padri na shehe wasifungishe ndoa bila cheti cha kipimo cha sikoseli." Kupima naunga mkono, tena kabla ya posa, mahari haijaguswa. Cheti kikigeuzwa kizuizi, watu watakwepa maabara, wataishi pamoja bila ndoa na watazaa vilevile. Na yule binti wa kidato cha pili mwenye sikoseli, anayekaa safu ya tatu kanisani, atakuwa anasikia mimbarini kwamba wazazi wake walikosea kumzaa. Viongozi wa dini wakitaka kuuliza kitu, waulize ni duka gani la dawa kisiwani Ukerewe lenye haidroksiyurea, na linaiuza bei gani, ili mzazi asilazimike kupanda kivuko kila vidonge vikiisha.