Msaada wa Chuo Kikuu Usiwe wa Wenye A Peke Yao

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, magazeti hujaa picha za watahiniwa waliobebwa juu juu na wazazi wao huku wakiimbiwa. Waliopata A hao! Haupiti muda utasikia wafadhili wamejitokeza, huyu analipiwa karo, yule anapelekwa ng'ambo. Mimi siwaonei wivu, maana chanda chema huvikwa pete. Lakini nauliza, je, yule wa B aliyetoka shule ya kutwa atabebwa na nani?

Wanafunzi wenzangu, tusidanganyane. Mwenzetu wa bweni akitoka darasani jioni hurudi tena kusoma. Sisi tukitoka hapa kuna maji ya kuteka, kuni za kutafuta na mtoto wa kubembeleza. Taa ni moja, nayo iko jikoni kwa mama. Mvua ikinyesha, vitabu vinaloa njiani. Anayepata B katika hali hiyo ni kama amekimbia mita mia moja na gunia la mahindi mgongoni. Ukimpima kwa saa tu bila kutazama gunia, kwa kweli hujampima.

Najua wako watakaosema pesa ni chache, kwa hivyo zipewe wenye vichwa vizuri zaidi. Hoja hii si mbaya, lakini ina kasoro. Chuo kikuu kimeshaweka mlango wake, nao ni C+. Aliyeupita mlango huo ameonyesha kwamba anaweza masomo. Kutoka hapo, swali la karo ni la mfuko, sio la kichwa. Mwenye A akiwa maskini asaidiwe, na mwenye B akiwa maskini vilevile. Mtoto wa tajiri apewe zawadi na makofi, karo alipiwe na baba yake.

Historia yetu yenyewe inatufundisha. Mwaka wa 1959 Tom Mboya alipeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja. Serikali ya kikoloni haikuupenda mpango huo, ati wengi wao hawakufikia kiwango. Wamarekani kama Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, na Harry Belafonte, mwimbaji, walisaidia kuchanga nauli. Huku nyumbani wanakijiji nao walitoa walichokuwa nacho. Katika kundi la 1960 alikuwamo Wangari Maathai, msichana wa kijiji cha Ihithe, Nyeri. Mwaka wa 2004 alituletea Tuzo ya Nobel ya Amani. Kama nauli isingepatikana, kichwa chake kingefanya nini?

Siku hizi tunayo HELB, bodi ya mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995. Tena mwaka wa 2023 serikali ilianzisha mpango mpya wa kutazama hali ya nyumbani. Kwa bendi zilizotangazwa mwaka wa 2024, mwanafunzi wa bendi ya kwanza, yaani maskini zaidi, hupewa msaada wa asilimia 70, mkopo wa asilimia 25, na familia hulipa 5. Wa bendi ya tano hupewa msaada wa 30, mkopo wa 30, na familia hulipa 40. Nia ni njema kabisa. Shida ilikuwa katika kupima. Mwaka huohuo wanafunzi wengi walilalamika kwamba wamewekwa kwenye bendi za wenye uwezo, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mpango huo unakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa.

Jamani, bendi si jambo dogo. Mtoto wa muuza sukuma wiki akihesabiwa kuwa mtoto wa meneja, barua ya chuo itakaa kabatini mpaka ishikwe na mende.

Mimi napendekeza mambo matatu. Kwanza, wafadhili wanapotafuta wanafunzi bora wasiishie kwenye orodha ya A, bali waulize alama hiyo ilipatikana wapi na kwa taabu gani. Pili, walimu wetu wapendwa, tunaomba tufundishwe kujaza fomu za msaada na mkopo tukiwa hapa shuleni. Msaada huu hauji wenyewe, huombwa, na asiyeomba hapewi. Kuna wazazi ambao hawajawahi kuiona fomu kama hiyo, na jibu moja baya laweza kumpeleka mtoto bendi isiyo yake. Cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi visingoje matokeo yatoke. Tatu, sisi wenyewe tukikopa tulipe. Riba ya HELB kwa shahada ya kwanza ni asilimia 4 tu kwa mwaka, na deni huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Ukila na kukimbia, unamnyima ndugu yako anayekufuata.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wahenga walinena. Basi sisi tunaoijua njaa tusinyamaze. Tusome kwa bidii tuupite ule mlango wa C+, na wenye mifuko wasitufungie ule wa pili.